Ngozi, Rangi na Ukarabati: Istilahi za Samani za Ngozi kutoka kwa Mafundi wa Sumbawanga

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu maneno yatumikayo, na yale yapasayo kutumika, katika kazi ya kukarabati samani za ngozi zilizoharibika na kuzirudishia rangi. Huenda msomaji akadhani kwamba jambo hili ni dogo mno kujadiliwa katika kurasa za istilahi. Sisi pia tulidhani hivyo, mpaka tulipofika Sumbawanga kukusanya maneno ya mafundi wa samani na kukuta ugomvi uliozaliwa na neno moja.

Ofisi moja mjini humo ilikuwa na viti sita vya ngozi halisi, vizito, vya mtindo wa zamani, ambavyo ngozi yake ilikuwa imepauka na kufanya nyufa. Barua ya kazi aliyopewa fundi ilisema: "kutengeneza na kupaka rangi viti sita vya ngozi." Fundi alifanya kama alivyoandikiwa. Alikaza miguu iliyolegea, akapiga msasa, kisha akapaka rangi ya mafuta, ile ipakwayo milango na madirisha. Kwa majuma machache viti viling'aa. Baadaye kila mahali palipokunjika pakaanza kubanduka magamba, na siku za jua kali rangi ikawa inanata kwenye nguo za waliokaa. Ofisi ikakataa kumaliza malipo. Fundi akaitoa ile barua na kusema, "Karatasi inasema kupaka rangi. Mimi nimepaka."

Viti havikufaa tena, fundi alikosa nusu ya ujira wake, na aliyeandika barua hakuwa amekosea sarufi hata kidogo. Kilichokosekana ni istilahi. Maneno matatu aliyoyatumia, yaani kutengeneza, rangi na ngozi, kila moja lina maana zaidi ya moja, na hakuna lililofungwa kwa maana iliyotakiwa. Tutayachunguza moja moja, tueleze kazi yenyewe hatua kwa hatua, kisha tutoe mapendekezo.

Yafaa tuseme pia kwa nini Ufipa. Sumbawanga ni makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, ulioundwa mwaka 1974. Mji huu uko juu ya uwanda ulioinuka baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, mahali penye baridi na upepo mkavu katika miezi ya Juni na Julai, na mvua kuanzia Novemba hadi Aprili. Ni nchi ya ng'ombe, na kulima kwa plau la kukokotwa na maksai ni jambo la kawaida. Isitoshe, ni nchi yenye historia ya ufundi. Wafipa walifuma nguo za pamba, na walifua chuma katika matanuri marefu ya udongo. Tanuri refu la kuyeyushia mawe ya chuma waliliita ilungu, na tanuri dogo la kusafishia chuma kilichopatikana waliliita kintengwe. Watu waliotenga majina ya matanuri mawili kwa sababu kazi zake ni mbili walikuwa wameifahamu kanuni ya kwanza ya istilahi kabla ya sisi kuiandika vitabuni.

2. Mzigo wa neno "ngozi"

Katika Kiswahili neno ngozi hubeba mambo matatu: ngozi ya kiumbe aliye hai, ngozi iliyochunwa mnyamani, na ngozi iliyokwisha kushughulikiwa kiwandani mpaka ikafaa kwa viatu, mikanda na viti. Katika mazungumzo ya kila siku muktadha huondoa utata. Katika mkataba, katika hati ya ununuzi au katika somo la ufundi, muktadha hautoshi.

Tofauti baina ya ngozi ya pili na ya tatu ni kubwa. Ngozi iliyochunwa huoza ikilowa na hukakamaa ikikauka. Ikishughulikiwa kwa tanini, yaani dawa ipatikanayo katika magamba ya miti, au kwa chumvi za kromiamu, nyuzinyuzi zake hushikamana na dawa hiyo, na kuanzia hapo haiozi kwa urahisi. Nchini Tanzania mti ujulikanao zaidi kwa kazi hii ni muwati, ambao mashamba yake makubwa yako Njombe, na kampuni ya miwati ya huko ilianzishwa mwaka 1949. Viwanda vya ngozi navyo vilijengwa katika miji ya Mwanza, Morogoro na Moshi.

Kazi hii ya kiwandani iiteweje? Kamusi za zamani zina kitenzi dabagha, chenye asili ya Kiarabu, lakini katika karakana tulizozitembelea hatukumkuta fundi hata mmoja aliyekitambua. Biblia ya Kiswahili humwita Simoni wa Yafa "mtengenezaji wa ngozi", nayo ni tafsiri inayotosha kanisani, ila kwa fundi jina hilo laweza kumhusu hata yule ashonaye viraka. Siku hizi maandishi ya serikali hutumia kusindika na kuchakata, ambayo ni maneno mapana yanayofaa pia kwa maziwa, alizeti na mkonge.

Mafundi wenyewe walitupa jibu bila kukusudia. Mmoja wao, mzee aliyeanza kazi kwa kushona hatamu na mikanda, alishika kipande cha ngozi, akakikunja, akakinusa, kisha akasema, "Hii imeiva." Tukamwuliza, "Mzee, na ile isiyoiva?" Akajibu, "Hiyo ni mbichi, wanangu. Ukiivalisha kiti, kiti kitanuka." Lugha yetu tayari husema ngozi mbichi. Kinyume cha mbichi ni mbivu. Kwa hiyo twapendekeza ngozi mbivu kwa ngozi iliyokwisha kupata dawa, na kuivisha ngozi kwa kazi yenyewe. Maneno haya ni mafupi, yana uhusiano wa wazi kati yake, na mwenye kuyasikia kwa mara ya kwanza huyaelewa nusu yake kabla hajaelezwa.

3. Kutengeneza, kukarabati na kuwamba upya

Kitenzi tengeneza humaanisha kuunda kitu kipya na pia kukirudisha katika hali njema kitu kilichoharibika. Fundi anayeambiwa "nitengenezee kochi" hana budi kuuliza swali la pili. Kwa kazi ya samani za ngozi mambo yanayoweza kutakiwa ni matatu, na bei zake hutofautiana sana. Kwanza ni kuunda samani mpya, na hapa kutengeneza kubaki na maana hii tu. Pili ni kuihifadhi ngozi ileile na kuondoa madhara yake, na neno lifaalo ni kukarabati, ambalo limekwisha kuzoeleka kwa nyumba na barabara. Tatu ni kuivua ngozi ya zamani na kuweka nyingine.

Kwa jambo hili la tatu mafundi wengi husema kuvalisha kochi. Neno si baya, ila Kiswahili kina neno la kale lenye maana ya karibu zaidi. Ngoma huwambwa ngozi, na kitanda cha mwakisu huwambwa kamba. Kuwamba ni kutandaza kitu juu ya kiunzi, kukivuta mpaka kikaze, na kukifunga. Hiyo ndiyo kazi hasa ya kuvika kiti ngozi. Twapendekeza basi kuwamba kwa kuvika mara ya kwanza, na kuwamba upya kwa kubadilisha ngozi yote.

4. Majina ya madhara

Hapa ndipo tulipopata mavuno mengi. Kwa kuwa neno ngozi ni moja kwa mtu na kwa kiti, mafundi huyaeleza madhara ya kiti kwa maneno ya mwili wa binadamu, na maneno hayo yana usahihi wa kupendeza.

Ngozi iliyokosa mafuta na kuwa na weupe hafifu wasema imepauka, kama miguu ya mtoto asubuhi ya Julai. Iliyokwaruzwa juu juu imechubuka. Ambayo tabaka lake la rangi linatoka kwa vipande imebabuka. Iliyolegea na kufanya mikunjo imefanya makunyanzi. Ambayo rangi yake yahamia kwenye nguo inachuja, nalo ni neno waliloliazima kutoka kwa kanga na vitenge.

Lakini neno lililotufurahisha zaidi ni magaga. Kila aliyekulia uwanda wa baridi ayajua magaga ya visigino: mistari myembamba ya ukavu, mingi, inayokatiza juu ya ngozi bila kupenya mpaka ndani. Mafundi waliitumia picha hiyo kwa mistari kama hiyo inayotokea kwenye viti, hasa mahali pa kukalia na penye kukunjika. Waliitofautisha na ufa, ambao umepenya mpaka nyama ya ngozi ikaonekana, na mpasuko, ambao umetokea upande wa pili. Tofauti hii si ya mapambo. Magaga hujazwa, ufa huweza kujazwa kwa tabaka kadhaa, bali mpasuko hauwezi kujazwa mpaka utiwe kiraka. Fundi asiyetenga maneno haya atakadiria vifaa vibaya na kupata hasara.

Twaongeza kwamba si kila alama ni dhara. Ng'ombe wa kulima huwa na alama za nira, za fimbo, za miiba na za chapa ya moto. Alama hizo zilikuwapo kabla kiti hakijaundwa, nazo twaziita makovu. Mteja asimdai fundi aziondoe kama hakuagiza hivyo.

5. Hatua za kazi

Istilahi za ufundi zafaa zifuate mfuatano wa kazi, kwani mwanafunzi hujifunza neno na tendo pamoja. Hatua tulizozishuhudia kwa fundi stadi ni hizi.

Ya kwanza ni kusafisha, kwa kitambaa laini, maji kidogo ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kisha kuanika kivulini. Jua huikausha ngozi kupita kiasi na kuzidisha magaga.

Ya pili ni kuondoa mafuta. Mahali pa kuegemeza kichwa na pa kuwekea mikono hunywa mafuta ya nywele na jasho la miaka mingi, na rangi haishiki juu ya mafuta. Fundi hupangusa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, mlango ukiwa wazi, akijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Wenye haraka huiruka hatua hii, na kazi yao hubabuka mapema.

Ya tatu ni kupiga msasa kwa wepesi, ili kuondoa magamba yaliyolegea na kuufanya uso ushike. Inafaa kukumbuka kwamba msasa ni jina la mti ambao majani yake makavu hukwaruza, na mafundi wa zamani waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ya dukani imerithi jina la jani. Huu ni mfano mzuri wa neno lililohama na ufundi wake bila kuhitaji mkopo.

Ya nne ni kiraka. Kiraka cha nguo hushonwa juu na huonekana. Kiraka cha kiti cha ngozi huingizwa chini ya mpasuko kwa kibapa chembamba, kisha kingo mbili za mpasuko hukaribishwa na kubanwa juu ya gundi isiyokakamaa. Twapendekeza kiraka cha ndani. Wapo waliotaja bitana, lakini bitana ni kitambaa kinachofunika upande wa ndani wa vazi, ilhali hiki chakaa mahali pamoja tu.

Ya tano ni kujaza magaga na nyufa kwa uji mzito unaokauka ukabaki laini. Uji huo hauna jina moja. Tulifikiria kukalafati, neno la mabaharia la kuziba nafasi za mbao za chombo, nalo ni neno zuri sana. Lakini lafanana mno kwa sauti na kukarabati, na katika karakana yenye kelele mtu aweza kusikia moja kwa jingine. Kizibo nacho ni cha chupa. Twapendekeza kijazio. Hupakwa kwa matabaka membamba, kila moja likikauka na kupigwa msasa laini kabla ya jingine.

Ya sita ni rangi, ambayo tutaieleza peke yake. Ya saba ni utando wa kinga, yaani tabaka la mwisho lisilo na rangi linalozuia rangi isichuje na isikwaruzike. Ya nane ni kulainisha kwa mafuta maalumu au krimu ya ngozi. Hatua hii huja mwisho kwa sababu mafuta yakitangulia huizuia rangi isishike. Fundi wa vile viti sita hakufika hatua ya nane, wala ya saba, ya tano na ya nne, kwani hakuna neno katika barua yake lililozitaja.

6. Kunywesha rangi na kupaka rangi

Sasa tufikie kiini cha ugomvi. Rangi ya ngozi huwa ya namna mbili. Katika namna ya kwanza rangi huyeyuka na kupenya ndani ya nyuzinyuzi. Vinyweleo na makovu hubaki vikionekana. Katika namna ya pili rangi ni unga laini uliochanganywa na kishikizo, nao hukaa juu ya uso kama utando na kuficha alama. Ngozi ya kwanza ni nzuri kwa macho lakini hupata madoa upesi. Ya pili hustahimili matumizi ya ofisini.

Kuzitambua si vigumu. Dondosha tone la maji mahali palipofichika. Likizama na kuacha doa la giza ambalo hutoweka likikauka, ngozi hiyo ni ya namna ya kwanza. Likikaa juu kama umande juu ya jani la myugwa, ni ya namna ya pili, ingawa ngozi yenye utando uliochakaa sana nayo yaweza kunywa maji.

Mzee wa hatamu tuliyemtaja alitupatia tofauti hii kwa sentensi fupi: "Mlango hupakwa, wanangu. Ngozi njema hunyweshwa." Kwake yeye kunywesha rangi ni kuipenyeza. Tuliupima msemo huu kwa makini. Upande wa pwani ukindu wa mikeka huchemshwa pamoja na rangi, na watu husema hutiwa rangi. Lakini kutia ni neno pana, na mtu akiambiwa atie rangi ukuta ataupaka. Kunywesha haliwezi kuchanganywa na kupaka. Yupo atakayesema kwamba viumbe ndio wanywao. Tunamjibu kwamba ardhi hunywa maji na karatasi hunywa wino, na wasemaji wetu hawajaona ajabu.

Hivyo twapendekeza rangi ya kunywesha kwa namna ya kwanza, na rangi ya kupaka kwa ya pili. Hata hivyo tahadhari moja yahitajika, maana ndiyo iliyoharibu viti. Rangi ya kupaka ya ngozi si rangi ya mlango. Kiti hukunjika kila mtu akaapo na kuinuka, na rangi isiyokunjika nacho lazima ipasuke. Sifa hii ya kukunjika na kurejea bila kuvunjika tayari ina jina katika Kiswahili: unyumbufu. Barua ya kazi iseme rangi nyumbufu ya ngozi, na fundi asiyekuwa nayo aseme mapema. Aidha ieleweke kwamba matabaka matatu au manne membamba, yapakwayo kwa sponji, hudumu kuliko tabaka moja nene.

7. Ngozi bandia

Barabara ya lami kutoka Tunduma, iliyokamilika katika miaka ya 2010, imerahisisha kufika kwa makochi ya kila aina Sumbawanga. Mengi huitwa ya ngozi, kumbe ni kitambaa kilichofunikwa kwa plastiki. Wauzaji wengine husema leza, kwa kufuata matamshi ya neno la kigeni. Sisi hatuliungi mkono neno hili, kwa sababu mbili. Kwanza, halitofautishi ngozi halisi na ya plastiki, na huyo ndiye udanganyifu wenyewe. Pili, katika Kifipa, na katika lugha nyingine kadhaa za ukanda ule, Leza ni jina la Mungu. Istilahi ya taifa isiwalazimishe raia wengine kukalia jina wanaloliheshimu.

Jina ngozi bandia latosha na laeleweka. Mnunuzi na atazame ukingo uliokatwa, chini ya kiti: ngozi mbivu huonyesha nyuzinyuzi zilizosongamana bila mpango, na ngozi bandia huonyesha kitambaa. Fundi naye ajue kwamba ngozi bandia hainyweshwi, na ikishaanza kubabuka haijaziki kwa kudumu. Ushauri wa kweli kwa mteja ni kuwamba upya.

8. Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

ngozi mbivu: ngozi ya mnyama iliyokwisha kupata dawa, isiyooza.
kuivisha ngozi: kuigeuza ngozi mbichi kuwa mbivu.
kuwamba upya: kuivua ngozi ya samani na kuweka nyingine.
magaga: mistari myembamba ya ukavu isiyopenya uso wa ngozi.
ufa: mwatuko uliopenya uso bila kutokea upande wa pili.
mpasuko: mwatuko uliotokea upande wa pili.
kovu: alama iliyopatikana mnyama alipokuwa hai.
kiraka cha ndani: kitambaa kinachogandishwa chini ya mpasuko.
kijazio: uji wa kujazia magaga na nyufa.
kunywesha rangi: kuipenyeza rangi ndani ya ngozi.
rangi nyumbufu: rangi ya kupaka inayokunjika pamoja na ngozi.
utando wa kinga: tabaka la mwisho lisilo na rangi.
ngozi bandia: kitambaa chenye tabaka la plastiki lenye sura ya ngozi.

9. Hitimisho

Istilahi hizi ni mapendekezo, hazijasanifiwa. Karibu zote tumezikuta midomoni mwa mafundi au katika hazina ya zamani ya lugha, na kazi yetu imekuwa kuzitenga na kuzipa mipaka. Zitafaa tu iwapo zitarudi zilikotoka, yaani katika karakana, katika mafunzo ya vyuo vya ufundi, na katika barua za maofisi zinazoagiza kazi.

Laiti barua ile ya viti sita ingeandikwa hivi: "Kukarabati viti sita vya ngozi mbivu: kusafisha na kuondoa mafuta, kutia viraka vya ndani penye mipasuko, kujaza magaga na nyufa kwa kijazio, kupaka rangi nyumbufu ya ngozi, na kumalizia kwa utando wa kinga." Ingekuwa ndefu kwa mstari mmoja na nusu. Fundi angejua la kununua, au angejua kwamba kazi si yake. Ofisi ingejua la kukagua. Na viti vingekuwa bado vinakaliwa.

Tunawaomba mafundi, walimu na wasomaji wa mikoa mingine watuletee maneno yao kwa hatua hizihizi, hasa pale yanapopingana na haya tuliyoyaeleza.